Usafi wa kila siku wa uso wa Shar Pei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu Shar Pei, mbwa wa asili ya kusini mwa China mwenye makunyanzi usoni na pua nene kama ya kiboko. Mwenye bulldog au pug, mbwa wengine wenye mikunjo usoni, naye atapata cha kuchukua, na swali lake mahususi liko huko chini. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la kukausha. Wengi wanaosafisha kwa bidii hapo ndipo wanapoharibia.

Je, ni lazima nisafishe kila mkunjo kila siku?

Hapana. Kila siku kagua, kisha safisha panapohitaji. Ngozi yenye afya ndani ya mkunjo huwa kavu, ina rangi ileile ya ngozi ya jirani, na haina harufu hata ukiinusa kwa karibu. Mkunjo wa namna hiyo uache kama ulivyo. Mikunjo ya paji la uso, kwa Shar Pei mkubwa, mara nyingi iko wazi kiasi cha kupitisha hewa na inaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa.

Wasumbufu ni watatu: mkunjo unaopita chini ya jicho, ule wa juu ya pua, na pembe za mdomo. Hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku, na kwa mbwa asiye na tatizo ni ya dakika chache tu. Kusugua uso mzima kila siku kwa sabuni au dawa huondoa mafuta asilia ya ngozi; ngozi inakauka, inapasuka, na vijidudu vinapata mlango. Nyuso zilizowaka, yaani kuvimba na kuwa nyekundu, kwa kupenda mno usafi zipo, tena si chache.

Kwa nini mikunjo inaleta shida?

Ndani ya mkunjo ngozi mbili zinagusana mchana kutwa na usiku kucha. Kuna joto, hewa haipiti, na kila mbwa anapotafuna au kugeuza kichwa zinasuguana. Hapo ongeza machozi, udenda na mabaki ya chakula. Bakteria na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa bila kumdhuru, hasa Staphylococcus pseudintermedius na Malassezia, wakipata unyevu wa kudumu huzaliana kupita kiasi, na ngozi iliyokwisha kuchubuka kwa msuguano haina uwezo wa kuwazuia. Adui wa kwanza, basi, ni unyevu. Uchafu unakuja nyuma yake.

Shar Pei ana la ziada. Ngozi yake hutengeneza kwa wingi asidi ya hyaluroni, ute unaoshika maji, na ute huo ndio unaoijaza ngozi mpaka ikajikunja. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba hali hiyo inahusiana na kipande cha DNA kilichojirudia karibu na jeni liitwalo HAS2, na kipande hichohicho kikahusishwa na homa za vipindi zinazowapata baadhi ya mbwa hawa. Juu ya yote, Shar Pei hupata aleji kirahisi. Aleji ikiamka ngozi inavimba, na mkunjo uliokuwa na nafasi unabana.

Nisafisheje, hatua kwa hatua?

Nawa mikono. Mkalishe mbwa mahali penye mwanga, nawe ukae ubavuni mwake. Ukimkabili na kumwinamia usoni, mbwa wengi huona wanatishwa. Usimbane pua wala kumshika kwa nguvu chini ya taya. Anahitaji kupumua kwa raha, na mbwa anayehema kwa kuhangaika hasafishiki.

Anza na mkunjo wa chini ya jicho. Weka kidole gumba kwenye shavu, vuta ngozi taratibu kuelekea chini na nje mpaka uone kitako cha mkunjo. Wengi hufuta kingo mbili za juu wakidhani wamemaliza, kumbe kule ndani kabisa kuna mstari mwembamba wa kitu kama nta, rangi ya kahawia, umeshikamana na vinyweleo. Huo ndio unaoutafuta.

Chukua kitambaa laini cha pamba, kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha kizungushe kidoleni. Kiegemeze juu ya uchafu kwa sekunde kadhaa ili ulainike, halafu pitisha mara moja kuanzia upande wa jicho kwenda nje. Geuza upande safi, pitisha tena. Usirudishe kidole nyuma, maana utaupeleka uchafu jichoni. Kigaga kisichotoka kwa mpito wa tatu kiache mpaka kesho. Ukikibandua kwa nguvu utaacha kidonda mahali ambapo kidonda hakiponi upesi.

Vijiti vya pamba vya masikioni sivipendi kwa kazi hii. Mbwa akitikisa kichwa ghafla, kijiti kiko sentimita moja tu kutoka jichoni.

Ukimaliza mkunjo mmoja, ukague mwingine. Ukiona mmoja umewaka, uache uwe wa mwisho, na kitambaa chake kisiguse mahali pengine.

Nikaushe vipi, na nitajuaje kwamba pamekauka?

Tumia kitambaa kingine kilicho kikavu kabisa, na ubonyeze badala ya kufuta. Kisha uuache mkunjo wazi kwa vidole vyako kwa muda wa kuhesabu moja hadi ishirini. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina maana.

Halafu tazama vinyweleo. Vikiwa vimegandana kwa makundi madogo yenye ncha, bado pana maji. Vikiwa vimesimama kimoja kimoja, umemaliza. Nywele za Shar Pei ni fupi na ngumu, kwa hiyo kipimo hiki huonekana wazi kwake. Kidole hakitoshi kupimia. Kidole chenyewe kimetoka kushika kitambaa chenye maji.

Mashine ya kukaushia nywele yenye moto usiielekeze usoni. Ngozi ya ndani ya mkunjo ni nyembamba na huungua upesi, na macho hukauka.

Kausha pia baada ya kuoga, baada ya kunyeshewa, na baada ya kunywa maji kama mbwa wako ni wa kuzamisha pua yote bakulini. Siku ambayo huna muda wa kukausha, bora usiloweshe kabisa. Pitisha kitambaa kikavu, basi.

Nitumie maji matupu au dawa?

Kwa uso usio na ugonjwa, maji safi ya uvuguvugu yanatosha. Karibu na macho, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanayouzwa maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda na macho ni bora zaidi, maana hayachomi. Hakikisha tu chupa haina kitu kingine kilichochanganywa.

Dawa yenye klorheksidini (kiua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ina kazi yake pale mkunjo unapoanza kuwaka au kwa mbwa ambaye daktari wa mifugo amesema anahitaji kinga ya mara kwa mara. Isikaribie jicho hata kidogo, kwani inaweza kuharibu konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Kwa mkunjo wa chini ya jicho, mimi ningeiacha kabisa mpaka daktari aelekeze.

Vipi kuhusu waipsi za watoto, siki, mafuta ya nazi, poda na kadhalika?

Waipsi za watoto: zisizo na manukato wala spiriti zinaweza kukuokoa safarini, lakini zinaacha unyevu, kwa hiyo kukausha kuko palepale. Zenye manukato achana nazo.

Siki huchoma ngozi iliyochubuka. Haidroji peroksaidi na spiriti huua vijidudu, ndiyo, ila huumiza pia ngozi inayojaribu kupona, na mbwa akichomwa mara moja atakunyima uso wake kwa muda mrefu.

Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yana wapenzi wengi, na najua jibu hili halitawafurahisha. Ndani ya mkunjo mafuta hufunika unyevu usitoke, na fangasi aina ya Malassezia hustawi penye mafuta. Mafuta ya mgando yana nafasi moja tu usoni: kupakwa kidogo sana juu ya ncha ya pua iliyokauka na kupasuka, pale palipo wazi, mbali na mkunjo.

Poda, iwe ya watoto au ya wanga wa mahindi, hunyonya maji kisha hugeuka uji mzito kwenye kitako cha mkunjo. Vumbi lake nalo linaingia puani.

Krimu za upele wa nepi mara nyingi zina zinki, na mbwa hulamba kila kinachofikiwa na ulimi. Zinki nyingi ni sumu kwake. Mafuta ya mti wa chai nayo ni sumu kwa mbwa, hata yakipakwa juu ya ngozi.

Sabuni ya binadamu, hata ile "laini", imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya mbwa. Na zile krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) pamoja, ambazo karibu kila nyumba ina tyubu yake? Usimpake bila kuambiwa na daktari. Steroidi hupunguza wekundu siku mbili tatu huku maambukizi yakiendelea chini yake, na ikitumika muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Kitambaa kikitoka na rangi, inamaanisha nini?

Kikitoka na kahawia hafifu lisilo na harufu, hiyo ni nta ya kawaida na machozi yaliyokauka. Kahawia nzito yenye mafuta na harufu ya chachu huashiria fangasi. Manjano au kijani, hasa ikinata, ni usaha. Wekundu wa damu maana yake ngozi imechubuka. Acha kufuta, kausha kwa kubonyeza, na mpigie daktari. Madoa mekundu ya kutu kwenye manyoya meupe au ya rangi ya maziwa chini ya jicho mara nyingi hutokana na machozi yenyewe na hayana damu ndani yake, lakini yanakuambia kwamba mahali hapo panalowa kila mara.

Uso unanuka hata baada ya kusafishwa. Nifanyeje?

Kwanza tafuta harufu inatoka wapi. Nusa mkunjo mmoja mmoja, kisha masikio, kisha mdomo. Mara nyingi mtuhumiwa ni sikio au jino bovu, na mikunjo inasingiziwa. Tundu la sikio la Shar Pei ni jembamba na huambukizwa kirahisi. Likinuka au likiwa na uchafu mweusi, usilichokonoe, mpeleke kwa daktari. Kama harufu inatoka kwenye mkunjo na haijaisha baada ya siku tatu za kusafisha na kukausha vizuri, hapo umevuka mpaka wa usafi na kuingia kwenye matibabu.

Macho yake yanatoa machozi na tongotongo kila siku. Ni kawaida?

Tongotongo kidogo asubuhi ni kawaida. Machozi ya mfululizo, jicho linalofumbwafumbwa, jeupe kwa ukungu au jekundu si kawaida, na kwa Shar Pei jambo la kwanza la kufikiria ni kope kujikunja kwa ndani. Nywele ngumu za kope zinakwaruza konea kila anapopepesa, na kidonda cha konea kinaweza kumnyima mbwa jicho. Hili halisubiri wiki ijayo.

Kwa watoto wa Shar Pei, daktari anaweza kuzishikilia kope kwa nyuzi za muda mpaka uso ukue na ngozi ijipange. Kwa wakubwa huenda upasuaji wa kudumu ukahitajika. Wapo wafugaji wanaofuta machozi kwa miezi na mkunjo wa chini ya jicho hauponi. Hauwezi kupona, kwa sababu chemchemi iko juu yake. Ponya jicho, mkunjo utakauka.

Mdomo na kidevu je?

Futa pembe za mdomo baada ya kila mlo, hasa kama anakula chakula chenye mchuzi. Inua mdomo wa juu kidogo, pitisha kitambaa chenye unyevu, kausha. Usishtuke ukiona ulimi na fizi za rangi ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi. Ndivyo Shar Pei wengi walivyo, wengine wana rangi ya zambarau hafifu. La kushtua ni rangi hiyo *kubadilika* ghafla na mbwa akiwa anahema kwa shida.

Kwa vyombo, bakuli la chuma kisichoshika kutu au la kauri lioshwe kila siku. Plastiki hupata mikwaruzo ambamo vijidudu hujificha, na vipele vya kidevuni huenda vikaanzia hapo.

Anakataa kushikwa uso. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Kwanza uliza kama panauma: mbwa aliyekuwa akikubali na sasa anakwepa anakuambia kitu. Kama hapaumi, anza upya kwa vipande. Leo gusa shavu tu, mpe kitu kitamu, basi. Akizoea, fungua mkunjo bila kuufuta. Baadaye mwonyeshe kitambaa. Acha kabla hajachoka, na mtu mmoja awe ndiye msafishaji mwanzoni. Shar Pei kwa tabia hapendi kusukumwasukumwa na wala hasahau upesi, kwa hiyo siku moja ya kumkandamiza inaweza kukugharimu wiki nzima ya subira.

Shar Pei wangu mchanga amejaa makunyanzi mwili mzima. Yatabaki hivyo?

Hapana, mengi hupungua anapokua na kuijaza ngozi yake. Yanayobaki kwa kawaida ni ya kichwani, shingoni na mabegani. Mtu anayekuuzia mbwa mkubwa kwa sifa ya kuwa na mikunjo mingi kuliko wote anakuuzia pia kazi nyingi kuliko wote.

Kuna malengelenge yenye ute mzito unaonata. Ni usaha?

Huenda si usaha. Ute uleule wa ngozi ya Shar Pei wakati mwingine hujikusanya na kutokeza kama malengelenge angavu, na yakipasuka hutoa kitu kinachovutika kama uzi. Usiyatoboe. Daktari anaweza kupima mara moja kama ni ute huo au ni maambukizi, na matibabu ya hayo mawili hayafanani.

Aoge mara ngapi?

Kama hana ugonjwa, kila baada ya wiki tatu au nne inatosha, au akichafuka. Tumia shampuu ya mbwa, usoni tumia kitambaa tu. Shampuu ya dawa ifuate maelekezo ya daktari. Nyingi zinahitaji kukaa kwenye ngozi kama dakika kumi kabla ya kusuuzwa, na anayesuuza baada ya dakika mbili anamwogesha mbwa povu tu.

Ni lini nimpeleke kwa daktari, na atafanya nini?

Mpeleke ukiona usaha, damu, uvimbe, maumivu, jicho lolote lenye shida, au mkunjo unaopona na kurudi. Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Daktari atachukua sampuli kwa kipande cha selotepu au kwa kukandamiza kioo kwenye ngozi, aipake rangi na kuitazama kwa hadubini. Ni kipimo chepesi, na ndicho kinachoonyesha kama adui ni bakteria, fangasi au wote wawili. Wakati mwingine atakwangua ngozi kutafuta utitiri aina ya Demodex. Usimsafishe uso asubuhi ya siku hiyo, maana utafuta ushahidi.

Maambukizi ya juujuu mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kupaka. Antibiotiki za kumeza hazipaswi kuwa jambo la kwanza kila mara, kwa sababu bakteria sugu wapo. Tatizo likirudi, uliza waziwazi kuhusu aleji ya chakula, ya vumbi na ya viroboto, na kuhusu tezi ya thairoidi. Uliza pia kuhusu uzito: mafuta ya mwili huzidisha kina cha mikunjo. Upasuaji wa kuondoa mkunjo upo, na kwa mbwa anayeteseka mwaka baada ya mwaka ni tendo la huruma, ingawa wapo watakaokuambia unaharibu sura ya mbwa.

Uso umevimba na ana joto kali. Ni mkunjo?

Pengine ni homa ya Shar Pei, ile ya vipindi iliyotajwa huko juu. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, katika homa hii linaweza kupita 40, kifundo cha mguu wa nyuma kinavimba, wakati mwingine na midomo. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo watu hujisahau. Vipindi hivyo vikirudiarudia, protini iitwayo amiloidi inaweza kujikusanya kwenye figo na kuziua polepole. Mpeleke hata kama ameshapoa. Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni ya binadamu.

Mikono yangu inawasha nikimaliza kumsafisha.

Nywele zake ngumu huchoma ngozi ya baadhi ya watu na kuacha vipele vidogo. Vaa shati la mikono mirefu na unawe ukimaliza. Unapaswa kunawa hata bila muwasho, hasa kama una kidonda mkononi.

Nina bulldog au pug. Nifuate haya haya?

Kukagua, kusafisha na kukausha ni kulekule, ila mkunjo wa juu ya pua kwao ni wa ndani zaidi na ndio unaohitaji kazi ya kila siku. Macho ya pug yamekaa nje sana. Usivute ngozi ya shingo wala ya kichwani kwa nguvu, jicho linaweza kuchomoka. Nywele za mkunjo wa pua nazo huweza kugusa jicho na kulikwaruza, kwa hiyo tazama zinaelekea wapi. Fanya kazi wakati wa baridi ya asubuhi au jioni na upumzike akianza kukoroma kwa nguvu. Na bulldog mwenye mkia uliojikunja ana mfuko chini ya mkia ambao wengi hawajui kama upo: ingiza kidole chenye kitambaa, futa, kausha kama usoni.